Kamera mpya inasumbua? Anza na betri na kadi

Kuanzia katikati ya Desemba, Moshi inajaa. Wachaga wa Dar na kwingineko wanapanda nyumbani, na huko juu kuanzia Kibosho hadi Marangu kila wiki kuna ubatizo, kipaimara au harusi. Ndio wakati kamera mpya nyingi zinatolewa boksini, na ndio wakati malalamiko yaleyale yanaanza: haiwaki, inakula chaji, imekataa kadi, video imejikata bibi harusi akilishwa keki. Wengi wanakuja wakiwa wameshahukumu kwamba wameuziwa kamera mbovu. Mara nyingi kamera ni nzima. Hela iliishia kwenye kamera na lenzi, kisha betri ya akiba na memori kadi zikanunuliwa kwa chenji iliyobaki, juujuu, pale panapouzwa kava za simu.

Haya hapa matatizo yanayoletwa sana, kila moja na sababu zake, kuanzia ile inayotokea zaidi. Sharti ni moja: badilisha kitu kimoja kwa wakati. Weka betri nyingine, acha kadi ileile, jaribu. Rudisha betri ya kwanza, weka kadi nyingine, jaribu tena. Ukibadilisha vyote kwa mpigo na kamera ikapona, hutajua mgonjwa alikuwa nani, na kesho utarudi palepale. Kama huna cha kubadilishia, azima kwa mpiga picha mwenye kamera kama yako, au nenda nayo dukani ujaribie hapohapo.

Haiwaki kabisa

Betri mpya hutoka kiwandani ikiwa na chaji kidogo, na huenda imekaa stoo miezi mingi. Ichaji mpaka taa ya chaja ionyeshe imejaa, halafu ndipo ulalamike. Ule ushauri wa kuchaji betri mpya usiku kucha ni wa betri za zamani za nikeli; betri ya lithiamu ikijaa imejaa.

Kisha igeuze betri kwenye mwanga uangalie vile vibati vya rangi ya dhahabu. Baadhi ya betri huja na kikaratasi angavu cha plastiki juu yake, chembamba kiasi kwamba hukioni mpaka uinamishe betri na kuona kimeng'aa tofauti. Kibandue kwa kucha. Ukishakitoa, hakikisha mlango wa betri umefunga mpaka umesikika. Ndani yake kuna swichi ndogo, na mlango ukibaki wazi hata kidogo kamera inakaa kimya kama imekufa. Kwenye kamera nyingi mlango wa kadi nao uko hivyohivyo.

Halafu soma jina la betri herufi kwa herufi. LP-E6 na LP-E17 zote ni za Canon, lakini hazibadilishani. NP-FW50 na NP-FZ100 zote ni za Sony, nazo hazibadilishani. Muuzaji akikuambia "kaka, zote hizi zinaingia," mwambie aiingize mwenyewe mbele yako, na asiisukume kwa nguvu.

Vibati vikiwa na vumbi au mafuta ya vidole, vipanguse kwa kitambaa safi kikavu. Visipong'aa, tumia pamba yenye spiriti kidogo na uache vikauke. Msasa, kisu na mswaki wa waya hapana: ile rangi ya dhahabu ni tabaka jembamba sana, na ukiikwangua ndiyo basi.

*Ishia hapo* ikiwa betri yako inawasha kamera ya mwenzako lakini yako haiwaki, ikiwa unasikia harufu ya kuungua, au ikiwa kamera imeingia maji. Usiifungue mwenyewe, hasa ile yenye flashi ya ndani. Kapasita ya flashi, yaani kile kinachohifadhi umeme wake, hubaki na mamia ya volti hata betri ikiwa mezani. Na kamera yenye waranti ikishafunguliwa na fundi wa mtaani, wenye waranti wana sababu ya kukukatalia.

Chaji inaisha kabla ya ibada kwisha

Hapa watu wengi hukimbilia kununua betri nyingine wakati tatizo ni mipangilio. Kamera zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) zinawasha skrini muda wote, kwa hiyo zinakula chaji kuliko zile za zamani zenye kioo (DSLR). Ukijumlisha Wi-Fi, Bluetooth, GPS na mwanga wa skrini uliopandishwa mpaka mwisho, betri nzima kabisa itaonekana mbovu. Zima visivyohitajika na uweke kamera ijizime yenyewe baada ya dakika moja. Acha pia tabia ya kukagua kila picha kwenye skrini mahubiri yakiendelea.

Mipangilio ikiwa sawa na chaji bado inayeyuka, ndipo umtazame muuzaji. Soma uwezo ulioandikwa kwenye betri. LP-E6NH ya Canon yenyewe ni mAh 2130, na NP-FZ100 ya Sony ni mAh 2280. Ukikuta kopi ya umbo lilelile imeandikwa mAh 3500, hiyo namba imepigwa chapa tu. Kiwanda kilichobuni betri kingependa sana kuingiza uwezo huo kama ungeingia.

Sisemi kila betri isiyo ya kampuni ya kamera ni takataka. Ziko zinazofanya kazi vizuri miaka kadhaa, na kwa mtu anayepiga kipaimara cha asubuhi hadi jioni, betri moja ya kampuni pamoja na mbili za watengenezaji wengine wanaojulikana ni mpango wa busara. Ninachokataa ni betri isiyo na jina la mtengenezaji, na betri iliyoigizwa jina la kampuni. Ya kuigiza utaijua kwa maandishi yenye ukungu, holografia isiyobadilika ukiigeuza, na bei ambayo ni robo ya ile ya duka la kamera.

Betri iliyotumika ina dalili zake. Kamera nyingi za Canon zina ukurasa kwenye menyu unaoonyesha afya ya betri kwa vijisanduku vitatu, na nyingi za Nikon huonyesha umri wake kuanzia 0, ambayo ni mpya, mpaka 4, ambayo imemaliza kazi. Ukinunua kamera iliyotumika, fungua ukurasa huo kabla hujatoa pesa.

Kuna pia kamera ndogo zinazotumia betri za AA. Hizo ukiziwekea betri za bei ya chini za tochi zitapiga picha chache na kuzima, kwa sababu kamera inavuta umeme mwingi kwa ghafla na betri hizo haziwezi. Weka za NiMH za kuchaji, au za lithiamu za kutupa kama unapanda mlima.

Imezimika mlimani, imefufuka hotelini

Wapagazi na waongoza watalii wanalijua hili kuliko wauza kamera. Mtu anaondoka kambi ya Kibo kwenye Kilimanjaro, mita 4,700, karibu na usiku wa manane, betri imejaa. Anafika kilele cha Uhuru, mita 5,895, jua linachomoza, anabonyeza kitufe na kamera inamwambia chaji imekwisha. Akirudi Moshi anaiwasha kwa hasira, inaonyesha nusu.

Betri haikudanganya. Baridi hupunguza kasi ya kemia iliyomo ndani, ukinzani unapanda, volti zinashuka, na kamera ikiona volti zimeshuka inahesabu kwamba chaji imekwisha. Watengenezaji wengi huandika kwamba kamera ni ya kutumika kati ya nyuzi 0 na 40 za Selsiasi, na usiku wa kilele hushuka chini ya hapo bila shida. Ukingoni mwa Ngorongoro asubuhi ya Julai kwa kawaida hakufiki huko, lakini nako utaona chaji inapungua haraka.

Tiba haihitaji fundi. Betri za akiba zikae mfuko wa ndani, zigusane na joto la mwili, si kwenye begi la mgongoni. Usiku ziingize kwenye mfuko wa kulalia. Iliyozimika itoe, ipashe kwenye kiganja au kwapani, irudishe. Mara nyingi itakupa picha kadhaa zaidi. Usiipashe kwenye jiko wala kwenye maji ya moto. Na usiichaji ikiwa bado ni baridi kama barafu, kwa kuwa kuchaji lithiamu chini ya nyuzi 0 kunaiharibu kwa ndani bila wewe kuona. Ukishuka, kamera iache ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa mpaka ipate joto la chumba, la sivyo unyevu wa hewa utageuka matone juu ya lenzi na, kibaya zaidi, ndani yake.

Betri haichaji

Angalia soketi kwanza. Ninajua inaonekana dharau, lakini soketi zetu zina swichi, na swichi imezimwa mara nyingi kuliko unavyofikiri. Baada ya hapo angalia kama betri imekaa sawasawa kwenye chaja na vibati ni visafi.

Chaja iliyotoka Marekani na shangazi ina meno mawili bapa, na hapa kwetu soketi ni za matundu matatu, volti 230. Soma maandishi madogo mgongoni. Ikiandikwa 100–240V, adapta ya kawaida inatosha. Ikiandikwa 120V peke yake, usiichomeke.

Wanaochaji ndani ya kamera kwa waya wa USB wana balaa lao. Kamera nyingi hazichaji zikiwa zimewashwa. Nyingine zinataka chaja ya USB-C yenye nguvu ya kutosha, na kile kichaja kidogo cha simu hakiwezi hata kuwasha taa. Tena siyo kila betri inayoingia inakubali kuchajiwa hivyo: kwenye Nikon Z6 na Z7, EN-EL15b inachajiwa ndani ya kamera, lakini EN-EL15 na EN-EL15a, ingawa zinaingia na kuwasha, zinataka chaja ya nje. Betri za kuigiza nazo hukwama hapahapa, kwa sababu chipu yake haijibu kamera inapoulizwa. Ikiwa betri iliwahi kufanya kazi na ikakataliwa baada ya kusasisha programu ya kamera, ujue ni hilo.

Kwenye gari la safari, inveta ikizimwa pamoja na injini, betri uliyoiacha ichaji wakati wa chakula cha mchana haikuchaji. Muulize dereva kabla hujaiacha. Na barabara baada ya lami kuisha geti la Ngorongoro inatikisa mpaka plagi zinalegea, kwa hiyo taa ya chaja iangalie mara kwa mara.

Taa ya chaja ikimeta harakaharaka hata baada ya kusafisha, mara nyingi chaja inasema betri ina hitilafu, au ni ya moto au ya baridi kupita kiasi. Iache nusu saa, ujaribu na betri nyingine. Betri ikigoma kwenye chaja mbili nzima, imekufa. Usikubali fundi "aishtue" kwa waya wa umeme.

Betri imevimba

Hapa hakuna majaribio. Ukiona betri inagoma kutoka kwenye kamera, au ukiiweka mezani inayumba kwa sababu tumbo limetoka, acha kuitumia. Usiichaji, usiitoboe kutoa gesi, usiikandamize ili iingie. Lithiamu iliyotobolewa inaweza kuwaka moto usiozimika kirahisi. Ikiwa imekwama ndani ya kamera, usiichokonoe kwa bisibisi. Mpelekee fundi wa kamera ikiwa imezimwa. Iliyotoka ifunike vibati kwa selotepu, iweke mbali na vitu vinavyoshika moto, na uipeleke kwa wanaopokea taka za elektroniki. Shimo la taka la nyumbani, ambalo jioni litachomwa moto, si mahali pake.

Kamera haioni kadi, au inaomba kufomati

Kama picha zilizomo ni za muhimu, usikubali kufomati. Bonyeza hapana, zima, toa kadi. Tutarudi huko.

Kama kadi ni mpya na tupu, kufomati ndiyo dawa ya kwanza, na ifomati ndani ya kamera yenyewe, si kwenye kompyuta. Kadi iliyotoka kwenye simu au kwenye kamera ya mwingine inakuja na mpangilio wake, na nusu ya malalamiko ya kadi yanaishia hapo.

Haikubali hata kufomati? Linganisha umri wa kamera na aina ya kadi. Kadi za SDHC huishia GB 32. Kuanzia juu ya hapo mpaka TB 2 ni SDXC, aina iliyotangazwa mwaka 2009. Kamera ya kabla ya hapo, na zile ndogo zilizotumika zinazoletwa kutoka nje ziko nyingi, huenda isiijue kabisa kadi ya GB 64. Itafutie ya 32 au ndogo zaidi. Upande wa pili kuna kamera kubwa za kisasa zinazotaka CFexpress Type B, aina nyingine kabisa ya kadi, na SD haiingii humo hata kwa maombi.

Sababu inayofuata ni adapta. MicroSD ndani ya adapta ya SD inafanya kazi, lakini ni kiungo kimoja zaidi cha kulegea, na adapta za bure hulegea mapema. Kwa picha za familia sawa. Kwa harusi ya mtu aliyekulipa, nunua SD kamili.

Ukichungulia kwenye tundu la kadi ukaona sindano imepinda au imelala, funga mlango na uende kwa fundi. Ukiinyoosha kwa pini ya nguo utaivunja.

"Kadi imefungwa"

Kidude kidogo ubavuni mwa kadi kimeshuka. Kipandishe. Kikiwa kimeng'oka kabisa, kamera itaiona kadi imefungwa daima. Hamisha picha, kadi hiyo iache. Kuna wanaobandika selotepu pale penye pengo. Selotepu hiyo siku ya joto inabanduka ndani ya kamera, na gharama ya kuitoa inazidi kadi mpya.

Video inajikata, au kamera inaganda baada ya picha mfululizo

Kadi ni ya polepole. Hii ndiyo sababu kuu, na imejificha nyuma ya namba kubwa iliyoandikwa mbele ya kadi. Ile 170 au 200 MB/s ni kasi ya kusoma, yaani ya kuhamisha picha kwenda kwenye kompyuta, tena kwa kisomaji maalumu. Kamera yenye UHS-I, njia ya zamani ya kupitisha data kati ya kadi na kamera, haiwezi kuvuka 104 MB/s hata ukiiwekea kadi ya dhahabu. Unachotakiwa kutafuta ni ile V ndogo pembeni: V30 inaahidi kuandika kwa angalau megabaiti 30 kila sekunde, V60 ni 60, V90 ni 90. Alama ya U3 nayo ni 30. A1 na A2 ni za programu za simu, zisikuhangaishe.

Hesabu yake ni nyepesi. Video ya 4K kwenye kamera nyingi za kawaida huandikwa kwa megabiti 100 kwa sekunde. Gawanya kwa 8, unapata megabaiti 12.5. V30 inabeba hiyo huku ikipiga mluzi. Kwa hiyo ukitajiwa V90 kwa bei ya kukutoa machozi, na kamera yako haina mstari wa pili wa vibati wa UHS-II, njia mpya yenye kasi zaidi, kataa. Tofauti ya bei nunua kadi ya pili. Kadi mbili za GB 64 kwangu ni bora kuliko moja ya 128, maana moja ikifa katikati ya sherehe hujapoteza kila kitu.

Kama kadi inatosha, angalia joto. Jua la Moshi la Februari juu ya kamera nyeusi inayorekodi 4K huizima yenyewe, na itakuonyesha alama ya kipimajoto. Ipeleke kivulini. Ikiwa inakata kila ikifika dakika 29 na sekunde 59, hakuna ubovu: kamera nyingi za miaka ya nyuma ziliwekewa kikomo hicho kwa sababu ya ushuru wa Ulaya kwa kamera za video. Na kama unakuta video imegawanyika vipande vya GB 4, ni mfumo wa kadi za GB 32 kushuka chini. Hakuna kilichopotea, viunganishe wakati wa kuhariri.

Picha za mwanzo nzuri, za mwisho hazifunguki

Hiyo ni kadi feki. Ndani ina GB 8 au 16, lakini imechezewa itangaze 128. Inapokea picha zote bila kulalamika, na zikishajaa zile 16 za kweli, zinazofuata zinaandikwa hewani au juu ya za zamani. Kwenye skrini ya kamera unaona majina ya mafaili yote; ukifika kwenye kompyuta, za kanisani zipo, za ukumbini ni mistari ya kijivu.

Usichanganye na hili: kadi halali ya GB 64 huonekana GB 59 hivi kwenye kompyuta ya Windows, na ya 128 huonekana 119. Hujaibiwa, ni namna mbili za kuhesabu.

Feki haijulikani kwa kufomati wala kwa macho peke yake. Ijaze yote kisha uisome yote. Programu ya bure ya H2testw inafanya hivyo kwenye Windows, na F3 kwenye Mac na Linux. Kwa kadi ya GB 128 inaweza kuchukua saa mbili au zaidi, kwa hiyo iache ikifanya kazi usiku, na uifanye siku uliyonunua, risiti ikiwa bado mfukoni. Muuzaji akikataa kuandika risiti yenye aina na ukubwa wa kadi, ameshakujibu.

Picha zimefutika

Toa kadi sasa hivi. Usipige hata picha moja ya kujaribu. Ukifuta au kufomati kwa kawaida, kinachoondoka mara nyingi ni orodha. Picha zenyewe zimelala palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. PhotoRec ni ya bure na huokoa nyingi, mradi uelekeze zinazookolewa ziende kwenye diski ya kompyuta, kamwe si kwenye kadi hiyohiyo.

Chanzo mara nyingi ni betri, si kadi. Taa ya kuandika ikiwa inawaka na chaji ikakata, au mtu akafungua mlango kwa haraka akatoa kadi, orodha inaharibika katikati. Betri ikifika asilimia kumi, ibadilishe wakati wa wimbo, usingoje kiapo.

Usiendelee mwenyewe ikiwa kompyuta haiioni kadi kabisa, ikiwa kadi inapata moto ikiingizwa, au imepasuka. Kila ukiichomeka tena unapunguza kilichobaki. Tafuta mtu anayeokoa data kwa kazi, mwambie ukweli wa yote uliyokwisha kujaribu, na mkubaliane bei kabla hajaigusa, ikiwa ni pamoja na atakachodai endapo hatapata hata picha moja.